Faili la Kwenda Roma

Kama kuna kitu kinachoweza kunipandisha hasira hadi leo, na huu umri wangu wa kupaka nywele rangi, ni fomu. Nipe fomu ya benki, ya hospitali, ya kuandikisha mtoto shule, nitaijaza, maana mimi ni karani wa kuzaliwa. Lakini nikifika pale pameandikwa "uhusiano", kalamu inasimama. Wiki tatu zilizopita Mama alifariki, na fomu ikanifuata mpaka matangani. Mwenye duka la kuchapisha mjini Machakos alinipa karatasi ya kujaza kwa ajili ya programu ya mazishi: jina la marehemu, alizaliwa lini, binti wa nani, mke wa nani. Hapo kwenye "mke wa" nikapaacha wazi, nikaikunja karatasi, nikaenda nayo nyumbani Masii. Jioni dada yangu Mutheu, ambaye ni mtawa na alikuwa ameshuka kwenye ndege kutoka Roma asubuhi ile ile, akavaa miwani akaisoma. "Andika Mutua," akasema. "Mke wa marehemu Mutua. Watu wazike, wale, waende kwao." Nikamwambia siandiki hivyo. Akaniuliza kwa nini, na ndipo ikabidi nimweleze jambo nililomficha tangu mwaka ule alipotungoja huko Roma, Pasaka ikafika na sisi hatukufika.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja Athi River, na nilipanga chumba Mlolongo, ghorofa ya pili, dirisha likitazama mahali malori yanapopanga foleni kupimwa uzito. Vumbi la machimbo ya mawe liliingia hata dirisha likiwa limefungwa. Ukifuta meza asubuhi, jioni unaweza kuandika jina lako juu yake. Barua ya Mutheu ilinifikia hapo baada ya Krismasi. Alikuwa anaweka nadhiri zake za daima Jumamosi ya juma la Pasaka, na masista wenzake walikuwa wamempata mfadhili wa kutulipia tikiti watu watatu: Mama, mimi, na Susu. Tungefika Alhamisi Kuu, tulale katika nyumba ya masista, na Jumapili ya Pasaka tusimame katika ule uwanja mkubwa tumwone Baba Mtakatifu akibariki watu. Nilisoma barua ile nikiwa nimesimama mlangoni na viatu vya kazi, halafu nikaisoma tena nimekaa kitandani. Wikendi nilipoipeleka Masii na kuwasomea, Mama alilia. Susu hakulia. Susu aliuliza, "Ni lini hasa?" kwa sababu yeye alikuwa na haraka. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshazima, na daktari wa macho alikuwa amemwambia la kulia nalo litafuata, labda mwaka huo, labda mwaka utakaofuata. "Nikishaona hiyo Pasaka," akasema, "giza likitaka lije."

Sasa nieleze Susu alikuwa nani, nieleze mara moja, halafu nisiulizwe tena. Susu kwa Kikamba ni nyanya, na sisi tulimwita hivyo kwa sababu ya umri wake, lakini Ndinda, maana ndilo jina lake, hakumzaa mama yangu wala baba yangu. Ndinda aliolewa na mtu aliyeitwa Mutua, hawakujaliwa mtoto, Mutua akafa. Kwetu Ukambani mwanamke wa namna hiyo haachi nyumba izimike. Ndinda alichukua mbuzi wake, akapeleka ntheo, yaani wale mbuzi wa kwanza wa posa, kwa kina Mama, akamwoa Mama. Naam, mwanamke alioa mwanamke, na si kwa hayo mnayoyafikiria, bali ili nyumba ya Mutua ipate watoto. Mke wa namna hiyo anaitwa iweto. Watoto anaowazaa ni wa nyumba ile, wanabeba jina la Mutua, na aliyepeleka mbuzi ndiye anayehesabika kuwa mume. Aliyempa Mama mimba haulizwi, na mimi sikuuliza. Kijijini hakuna aliyeshangaa, kulikuwa na nyumba tatu za namna hiyo katika mtaa wetu peke yake. Aliyekuja kushangaa ni mimi, nilipopelekwa shule ya bweni na msichana mmoja wa mjini akacheka mpaka akashika kitanda. Tangu siku hiyo kila aliyeniuliza habari za baba nilimwambia alikufa katika ajali ya barabarani. Hata kiwandani walijua hivyo, na walikuwa wamenipa pole.

Basi ikaanza kazi ya kupanga safari, na nasema ukweli, kama kuna njia ya haraka ya kuichukia familia yako, ni kujaribu kuipeleka Ulaya. Kila Jumamosi nilipanda gari kwenda Machakos kutafuta karatasi: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, fomu za pasipoti, viapo kwa wakili. Nilipigwa na jua kwenye foleni, nikaambiwa mhusika ameenda chai, nikaambiwa rudi Jumanne. Jumanne mimi niko kazini! Susu alikataa kuvua kitambaa kichwani apigwe picha. Mpiga picha akambembeleza, mimi nikambembeleza, Mama akambembeleza, na mwishowe akakivua kwa hasira, ndiyo maana katika pasipoti yake anaonekana kama mtu aliyeshikwa akiiba. Kisha viatu. Susu alivaa malapa ya mpira maisha yake yote, na nikamnunulia viatu vyeusi vya kufunga kamba kwa ajili ya baridi. Alivivaa kila jioni kwa nusu saa, akazunguka boma lote akijizoeza, mkono mmoja ukimshika Mama begani, akilalamika kwamba vidole vimefungwa jela. Kuku walimkimbia kwa sababu hawakumtambua kwa hatua zake.

Nakumbuka Jumapili moja jikoni kwa Susu, mvua za Machi zikiwa zimeanza kunyesha kidogo kidogo. Jiko lile lilikuwa la udongo na mabati, na juu ya moto kulikuwa na sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe, ambayo ilikuwa imechemka tangu tulipotoka kanisani. Nilikuwa nje nikianua nguo, nikawasikia wakibishana kwa ile sauti ya chini ya watu waliobishana miaka thelathini na kuzoea. Mama alitaka kubeba muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda, kilo tano. Susu alisema kilo kumi. Nikaingia na nguo mkononi. "Mama, uwanja wa ndege wanapekua mizigo," nikasema. "Wapekue," Mama akajibu, "ni mahindi, si bangi. Mutheu hajala muthokoi miaka saba." Susu akaongeza kwamba atabeba na mbegu za kunde, masista wapande. Nikamwambia Susu, huko ni mji, hakuna shamba. Akanitazama kwa lile jicho moja. "Watu wote hao na hakuna shamba? Wanakula nini?" Nikatupa nguo juu ya kiti. Nikawaambia sitaki kusikia habari za mahindi wala kunde, mimi ndiye ninayehangaika na karatasi, wao kazi yao ni kunifuata tu. Mama akasema, "Haya, si ni wewe ulisoma." Susu alinipakulia isyo, akanitafutia kipande cha parachichi, akaniwekea pembeni ya sahani kama nilivyopenda tangu mtoto.

Susu ndiye aliyeleta ile barua. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amenisikia nikisema kwamba watu wa viza wanataka kujua kila mmoja anahusianaje na mwingine, na siku moja katikati ya wiki akaenda mwenyewe kwa chifu, kwa miguu, na lile jicho lake moja, akakaa kwenye benchi mpaka akaandikiwa. Nilipokuja Jumamosi akanipa, imefungwa ndani ya leso. Ilikuwa na muhuri, na ilisema kwa Kiswahili kilichonyooka: kwamba Ndinda wa Mutua alimwoa Mbithe kwa mila ya Wakamba, kwamba mbuzi walipelekwa mbele ya mashahidi, kwamba watoto Mutheu na Wavinya ni wa nyumba yake, na yeye ndiye aliyewalea na kuwasomesha. Mstari wa mwisho ulisema: "Yeye ndiye mume, na kwa watoto hawa ndiye baba." Nilisoma, uso ukaniwaka moto. "Ni nzuri?" Susu akaniuliza. Nikamwambia ni nzuri. "Basi weka juu," akasema, "waione kwanza, wasisumbuke."

Siku moja kabla ya kwenda ofisi ya viza, walikuja wote wawili Mlolongo walale kwangu. Nilipika ugali na sukuma, na nyama kidogo kwa sababu ya wageni, tukala tukikaa kitandani maana kiti kilikuwa kimoja. Susu alikuwa akisikiliza malori. Alitaka kujua yanapimwa kwa nini, na nilipomwambia ni kwa sababu watu wanabeba kupita kiasi wakidanganya, akacheka, akasema basi na sisi na muthokoi wetu tutapimwa hapo. Jua lilikuwa halijazama bado. Wakajitupa kitandani kupumzika, mimi nikavuta pazia nililogawanyia chumba, nikaketi upande wa jiko kupanga faili kwa mara ya mwisho. Nilikuwa na faili la bluu, nimeweka vigawanyo vya rangi, kila karatasi na nakala yake. Nyuma ya pazia nikamsikia Susu akisema, "Mbithe, likizima tukiwa huko, wewe utaniambia. Uniambie nguo za Baba Mtakatifu ni rangi gani, na watu ni wangapi. Usinifiche hata kitu." Mama akamjibu, "Sijawahi kukuficha kitu, Mwaitu," yaani mama, kama alivyomwita siku zote. Mimi nilikuwa nimeshika barua ya chifu. Niliwaza kijana wa ofisi akiisoma. Niliwaza akimwita mwenzake aje aone. Nikamwaza yule msichana wa bweni ameshika kitanda. Nikaitoa kwenye faili, nikainua godoro dogo la kiti, nikaisukuma chini yake. Nilijiambia karatasi zilizobaki zinatosha, na kweli zilikuwa nyingi.

Ofisi ilikuwa na viti vya plastiki vilivyoshikana na baridi ya mashine iliyomfanya Susu ajifunike leso mabegani. Alikuwa amevaa vile viatu. Kijana wa kwenye kioo alikuwa Mkenya mwenzetu na alikuwa mpole sana, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, angekuwa mkorofi ningekuwa na mtu wa kulaumu. Alimsalimia Susu, "Shikamoo shosho," kama vijana wa Nairobi wanavyowaita nyanya zao, akafungua faili, akaniambia, "Umepanga vizuri, dada." Kichwa kikanivimba. Halafu akatoa karatasi tatu, akaziweka kando kando, akazitazama kwa muda.

"Hebu nisaidie," akasema. "Hii inasema Mutua alikuwa bwana ya shosho. Hii inasema Mutua huyo huyo ndiye baba yako. Na hii inasema Mutua alikufa miaka kumi na moja kabla wewe uzaliwe. Inakuwaje?"

Cheti cha kifo nilikiweka mimi mwenyewe. Fomu ilitaka mjane athibitishe ujane wake, na mimi mpenda faili nikakitafuta cheti cha Mutua, nikapiga nakala mbili, nikakitia kigawanyo cha kijani. Miezi miwili nilikuwa nimezishika karatasi hizo kila Jumamosi na sikuona kasoro, kwa sababu kwetu haikuwa kasoro. Kwetu marehemu anapata watoto, mradi mjane wake ana mbuzi. Lakini pale mbele ya kioo, kwa macho ya yule kijana, niliona kwa mara ya kwanza jinsi tulivyoonekana: familia ya matapeli ambao hata uongo hawajui kuupanga. Mama akainamisha kichwa. Susu, ambaye Kiswahili alikielewa kuliko alivyokisema, akanigusa kiwiko. "Mpe barua ya chifu," akaniambia kwa Kikamba, bila haraka, kama mtu anayekukumbusha kufunga lango.

"Anasema nini?" kijana akauliza.

"Hakuna kitu."

"Sawa. Sasa huyu shosho ni nani wako?"

Nyuma yangu kulikuwa na mstari wa watu waliovaa vizuri, na mama mmoja alikuwa ameacha kuongea kwenye simu ili asikie. Kazi ilikuwa imenishinda mwezi mzima kwa sababu ya safari hii. Nilikuwa nimechoka na foleni, nimechoka na mahindi, nimechoka na mila, nimechoka kuwa mimi ndiye niliyesoma. Nikasema, "Ni jirani."

"Jirani?"

"Jirani wa nyumbani. Tumezoea kumwita nyanya. Hivyo vyeti viliandikwa na watu wa kijijini, walichanganya majina."

"Kwa hivyo kwa damu au kwa ndoa, hana uhusiano na huyo sista aliye Roma."

"Hana."

Kijana akaandika. Nilisikia kalamu yake ikikwaruza karatasi. Mama aliinua kichwa akanitazama, na mimi nikatazama muhuri uliokuwa mezani kwake. Susu alikuwa amekaa vile vile, mikono juu ya mapaja. Nilijidanganya kwamba hakusikia. Tulipotoka nje aliomba tukae kidogo kwenye ukuta wa maua, akainama, akafungua kamba za viatu, akavivua, akavitia kwenye mfuko wa plastiki. Akatoa malapa yake akavaa. Tulipofika Mlolongo, nilipomshika mkono ashuke, akasema, "Asante, jirani."

Majibu yalitoka baada ya siku kumi. Mama alipewa viza. Mimi nilipewa viza. Susu alikataliwa, kwa sababu haikueleweka ni kwa nini masista wa Roma wamlipie tikiti mzee ambaye si wa familia. Nikaenda Masii na zile pasipoti tatu, nikazipanga juu ya meza, nikaanza kueleza haraka haraka kwamba tikiti mbili zipo, kwamba Mutheu anatungoja, kwamba tutamletea Susu rozari iliyobarikiwa. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Hakuacha kuchambua. "Wewe nenda," akaniambia. "Mimi siwezi kumwacha bwanangu Pasaka." Nikapandwa na hasira, ee, nikapayuka. Nikamwambia huyo si bwana, ni mwanamke mzee! Nikamwambia mambo haya ya kizamani ndiyo yanayotuharibia. Nikamwambia mtoto wako anaolewa na Mungu na wewe unachagua kukaa na kuku! Mama aliningoja nimalize. Halafu akasema, "Ulikuwa na barua, Wavinya." Nikazoa pasipoti nikatoka.

Sikwenda Roma. Sitajifanya nilibaki kwa wema. Nilibaki kwa sababu sikujua ningemwambia nini Mutheu uso kwa uso. Nilimpigia simu kutoka kwenye kibanda cha mtu mmoja Mlolongo, malori yakinguruma, nikamwambia Susu ameugua ghafla na hatuwezi kumwacha. Alilia, akaniambia tumtunze, na wakati huo wote mimi nilikuwa nimekasirika, nimemkasirikia yeye kwa kutualika, nimemkasirikia chifu kwa kuandika vizuri, na Susu kwa kutonikasirikia. Laiti angenipiga kwa fimbo. Ijumaa Kuu tulikaa benchi moja kanisani Masii, na somo la mateso lilipofika pale Petro alipoulizwa na wale watu waliokuwa wakiota moto, akasema Yesu hamjui, nilitazama miguu yangu. Susu alinisogezea kitabu cha nyimbo, akanionyesha kwa kidole nimtafutie ukurasa. Kidole chake kilikuwa kimekosa kitabu kwa inchi mbili. Ndipo nikajua lile jicho la kulia nalo limeanza kwenda.

Jumapili ya Pasaka ilikuwa na jua. Mama alichinja jogoo, akapika chapati, na harufu ilijaa boma lote. Redio ilikuwa kwenye meza ndogo mbele ya nyumba, kwa sababu kulikuwa na matangazo kutoka Roma. Susu akatoka chumbani. Alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu, kitambaa cheupe, na vile viatu vyeusi, vimefungwa kamba sawasawa. Nilijua ni Mama aliyemfunga. Akaketi wima mbele ya redio, mikono mapajani, kama alivyokaa mbele ya kile kioo. Kulikuwa na mlio wa umati, sauti kubwa ya watu wengi sana, na mtangazaji akisema juu yake. Susu akamuuliza Mama, "Ni wengi?" Mama alikuwa akitazama migomba yetu na ng'ombe wawili waliofungwa, na akamjibu, "Ni wengi, Mwaitu. Uwanja umejaa mpaka barabarani." "Na yeye amevaa nini?" "Nyeupe. Nyeupe tupu." Susu akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Baraka zilipotolewa alifanya ishara ya msalaba pole pole. Halafu akageuka upande aliodhani nipo. "Jirani," akaniita, "njoo karibu, baraka zisikupite."

Aliniita hivyo hadi alipokufa, mwaka wa pili baada ya hapo. Jirani, niletee maji. Jirani, umeshiba? Wageni walicheka, wakadhani ni utani wa mzee na mjukuu, na labda ulikuwa utani, maana hakulisema hata siku moja kwa ukali. Nilimwomba msamaha mara mbili. Mara zote mbili aliniambia, "Nilishakusamehe siku ile ile," na mara zote mbili alimalizia kwa lile neno. Siku zake za mwisho, kipofu kabisa, alikuwa akinitambua kwa kunishika kichwa, anapapasa nywele, anasema, "Ni jirani." Tulimzika upande wa chini wa shamba. Nilisimama hapo nikiwa na hasira kwamba ameenda bila kuniita kwa jina langu.

Haya yote nilimwambia Mutheu jioni ile, tukiwa na ile fomu ya mchapishaji katikati yetu na chai imepoa. Nilimletea na barua ya chifu. Nimehama nayo mara nne, kutoka Mlolongo hadi nyumba niliyo nayo sasa Syokimau, na sijawahi kuiweka kwenye faili. Ipo ndani ya ile leso. Labda hata ningeitoa siku ile wangemkatalia. Labda yule kijana angecheka. Sitajua, na nimechoka kutojua. Mutheu aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena, akaisoma upya. Nilitarajia anikemee, yeye ni mkubwa wangu na ana haki. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilipoingia utawa waliniuliza habari za baba. Niliandika sina." Nje wanaume walikuwa wakipigilia hema, na mtu mmoja alikuwa akiuliza kaburi la Mbithe lichimbwe wapi. Mutheu akafungua dirisha akamwambia, "Chini kule, kando ya Ndinda. Upande wa kulia, kama mke na mume." Kisha akanisukumia kalamu.

Asubuhi nilipeleka karatasi Machakos. Duka lilikuwa limejaa, watu wa harusi, watu wa matanga, wanafunzi wanaotaka nakala. Kijana wa kompyuta aliichapa akiimba imba, halafu akasimama. "Mathe, hapa kuna makosa," akasema. "Kwa 'mke wa' umeandika Ndinda. Hilo si jina la mwanamke?"

"Ni la mwanamke. Chapa hivyo hivyo."

Akanitazama, akatazama karatasi. Watu wa nyuma yangu walikuwa wamenyamaza. Siku hizi sikio langu limekuwa hodari kusikia watu wakinyamaza. "Sawa, ni programu yenu," akasema, "lakini watu wataniuliza mimi. Huyu Ndinda ni nani wako?"

Niliweka mkoba chini, nikamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.

"Ni baba yangu."